Picha ya Obeid Juu ya Kiti Chake

Shangazi yangu Khadijo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni ukuta. Wanawake wengine wa Bondeni wakipata kijisenti walikimbilia leso. Yeye alikimbilia fremu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na paa la mabati kama nyumba za majirani wote pale Nakuru, lakini ukiingia sebuleni macho hayakujua yaanzie wapi. Kulikuwa na Kaaba iliyofumwa kwenye mahameli nyeusi. Kulikuwa na aya za rangi ya dhahabu. Kulikuwa na kalenda za maduka ya Wahindi, za miaka iliyokwisha kupita, kila moja ndani ya kioo chake, kwa sababu zilikuwa na maua, na shangazi hakuona kwa nini maua yatupwe eti mwaka umekwisha. Kulikuwa hata na kifuniko cha kopo la biskuti chenye picha ya mbwa wawili wa Kizungu. Alipoambiwa kwamba mbwa hawafai sebuleni kwa Mwislamu, alisema wale si mbwa, ni swala.

Zote zilining'inia juu kabisa, karibu zishike mabati, zimeinama mbele, na juu ya kila moja kitambaa alichofuma mwenyewe. Ndivyo zilivyotundikwa picha miaka ile ya hamsini, ili aliye ndani ya picha amtazame aliyeketi chini. Siku hizi watu hupigilia picha usawa wa macho, eti ndiyo maridadi. Unaingia nyumbani kwa mtu, hujavua viatu, umeshagongana pua na marehemu bibi yake. Mimi sitaki kusikia habari hizo.

Mumewe, Mzee Obeid, alifariki mwaka wa hamsini na tano. Alikuwa mtu mwema sana, mpole, mcheshi akishashiba, lakini mzito wa kukubali jambo kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Si kwamba alikataa. Alinyamaza tu, akatazama mbele, ukabaki wewe na swali lako. Siku ya ndoa yake mwenyewe sheikh alimwuliza kama amekubali kumuoa Khadijo, na Obeid akanyamaza. Sheikh akauliza tena. Kimya. Watu wakaanza kutazamana. Baba yangu Miraji, kaka yake bibi harusi, alikuwa ameketi nyuma yake. Akamdunga kidole mgongoni, chini ya mbavu. Obeid akaruka, akapaza sauti, "Nimekubali!" hata vikombe vikalia sahanini.

Shangazi alisimuliwa hayo jioni ileile, na hakuyasahau. Katika ndoa yao yote hakuna jambo lililopita katika nyumba ile bila kidole. Kununua kitanda, kidole. Kumpeleka binti yao Hadiya chuoni, kidole. Sisi watoto tulikuwa tukiona shangazi anapita nyuma ya kiti cha mumewe tunaanza kucheka kabla ya wakati.

Obeid aliacha vitu vichache: kiti chake cha mikono chini ya ukuta wa sebule, picha moja tu aliyopigwa kwenye studio ya mjini, na kiapo. Picha hiyo ilipakwa rangi kwa brashi kama ilivyokuwa mtindo, na fundi wa studio, sijui alifikiria nini, akampaka midomo myekundu kama bibi harusi na koti la kijani. Macho alimwachia yaleyale ya kutojibu.

Kiapo kilikuwa kizito zaidi. Ujanani Obeid alikuwa golikipa wa timu ya Nakuru. Siku moja walicheza na Gilgil, na kijana mmoja mnene aitwaye Shebe akapiga mpira ambao refa alisema umeingia na Obeid akasema haukuvuka mstari. Nyavu hazikuwapo, kwa hivyo kila mtu aliona alichotaka kuona. Obeid alisimama katikati ya milingoti na glavu zake, akaapa mbele ya Nakuru nzima kwamba binti yake hataolewa na mtu wa Gilgil mpaka Gilgil wakiri. Hadiya wakati huo alikuwa bado anatambaa.

Sasa wewe niambie. Katika vijana wote walioko kando ya reli kutoka Naivasha mpaka Molo, Hadiya alikua, akatazama huku na huku, akampenda Alamin, mwenye kijiduka cha vitambaa huko Gilgil, mtoto wa Shebe yuleyule.

Shangazi alimpenda kijana. Nani asingempenda? Alikuwa na adabu, na kila alipokuja mjini aliacha kipande cha kitambaa cha maua cha kufunika fremu. Lakini kile kiapo kilimkaa kooni.

"Maneno ya aliye hai unaweza kubishana nayo," alimwambia Hadiya. "Ya baba yako nitabishana nayo wapi?"

"Mama, ulikuwa mpira tu."

"Kwako mpira. Kwake ilikuwa heshima."

Ami yake Hadiya, ambaye ndiye wa kuozesha, alikuwa Mombasa na alishatuma salamu kwamba lolote atakalokubali mama, naye yumo. Kwa hivyo jambo lote lilibaki mikononi mwa shangazi, naye hakuwa na mgongo wa kudunga. Watu wa Gilgil walipotuma habari kwamba wanakuja kuposa, akakata shauri kwa namna yake. Picha ya Obeid itakuzwa, itiwe fremu mpya, ipandishwe juu ya kiti chake. Wageni watasema maneno yao mbele yake. "Nami nitamtazama usoni," alisema, "na moyo wangu utajua. Akikataa, nitakataa."

Hadiya alinishika mkono, nikasikia vidole vyake vimekuwa baridi.

Tukaanza na ukuta wenyewe. Shangazi aliagiza udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi, akaukoroga na maji, tukapaka sebule nzima mpaka ikang'aa. Kisha akamwita baba yangu aje na nyundo. Baba alikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli na alijiona bingwa wa kila kitu chenye msumari.

Sasa nyumba ya udongo ina sheria yake. Picha haziendi unapotaka wewe, zinaenda penye nguzo. Kwingine kote ni fito na matope, msumari hausimami. Baba akatega sikio ukutani, akawa anagonga kwa kifundo cha kidole. Nguzo ilikuwa upande wa dirisha. Nyingine ilikuwa upande wa mlango. Juu ya kiti hapakuwa na kitu.

"Sogeza kiti," baba akasema.

"Kiti hakisogei. Obeid alikaa hapa."

"Khadijo, hapa hapana nguzo."

"Basi itafute."

Akapiga msumari wa kwanza, ukaanguka na donge la udongo. Akapiga wa pili, ukaanguka na donge kubwa zaidi, likamwangukia mguuni. Shangazi akawa anaziba matundu kwa kiganja, baba anatoboa, shangazi anaziba, mimi na Hadiya tumejifunika leso midomoni tusionekane tunavyocheka. Mwishowe baba akaenda mbio karakana akarudi na msumari mrefu kama kalamu ya mwalimu, wa kushikia mbao za behewa. Huo uliingia vizuri. Uliingia vizuri mno. Ulipita kati ya fito mbili bila kusimama, na baba, jasho linamtiririka, akatangaza, "Umeshika nguzo!"

Shangazi akampandisha Obeid, akamwekea kitambaa kipya, akarudi nyuma akamtazama kwa furaha hata machozi yakamtoka. Ukweli ni kwamba alipendeza. Midomo myekundu na yote.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na chumba alichopanga Jeruto, mama yake Kipkemei, mwanamke wa Kitugen aliyekuwa akiuza maziwa asubuhi. Aliporudi nyumbani mchana ule alikuta ncha ya msumari imechomoza ukutani kwake, safi, imara, mahali pazuri kabisa. Hakujiuliza mara mbili. Alidhani jirani yake amemfikiria. Akakitundika hapo kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya mgando yanayolazwa na majivu ya mti, kwa mkanda wake wa ngozi.

Kesho yake nilitumwa maziwa kwake, nikaona kibuyu, nikaona msumari, nikarudi kwa baba nikamwambia. Baba alinivuta nyuma ya nyumba.

"Umemwambia shangazi yako?"

"Bado."

"Basi bado hivyohivyo. Nilishasema umeshika nguzo."

Msumari ule basi ulikuwa umelala ukutani kama ile pembea ya ubao ya watoto. Kibuyu kikining'inia kule, ncha ilishuka, kichwa kikapanda huku, na picha ikainua uso. Jeruto akikitoa kibuyu, kichwa kilishuka na picha ikainama. Fito zilifanya kazi yake kimyakimya, wala hapakusikika kitu.

Shangazi aliona siku ya pili. Aliingia sebuleni na fagio, akasimama. "Jana jioni alikuwa ameinua uso," akasema. "Asubuhi hii ameinama. Hakulala vizuri." Mchana Jeruto alipokirudisha kibuyu, shangazi akaja mbio jikoni, "Njooni muone, amechangamka!" Tangu hapo hakuna aliyepumua nyumbani. Alimwuliza Obeid kama anunue makaa leo au kesho. Alimwuliza kuhusu mapazia. Obeid akiinama ni ndiyo, asipoinama ni bado anafikiri, kama zamani. Alianza kupika akiimba. Nilimwona akipita mbele ya ile picha amejitia wanja, mwanamke mjane wa miaka miwili, anatembea kama aliyeposwa yeye. Baba kila akija alikunywa chai amegeuzia ukuta mgongo.

Ilibaki siku chache wageni wafike ndipo Jeruto akafunga mlango akaenda Mogotio kumwona mama yake. Kibuyu akakiacha mahali pake, kimejaa. Picha ikainua uso ikabaki hivyo.

Ndipo shangazi alipouliza swali lenyewe. "Baba Hadiya. Gilgil je?"

Obeid akatazama mbele.

Akauliza jioni. Akauliza baada ya swala ya alfajiri. Akampikia mahamri akayaweka chini ya picha, akauliza tena kwa sauti ya kubembeleza. Hakuna. Kwa makaa aliinama, kwa mapazia aliinama, kwa Gilgil alikaza shingo. Wanja ukamtoka shangazi machoni, nyimbo zikakoma, na usiku wa kuamkia ugeni akamwita Hadiya akamwambia polepole kwamba wageni watapewa kahawa, watapewa chakula, na watapewa jibu la hapana kwa adabu zote.

Hadiya hakupiga kelele. Alikwenda kukaa jikoni akaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Mimi nilimfuata baba mlangoni nikamwambia aseme, sasa hivi, ule msumari! Akashika kichwa. "Nikisema atajua picha haina lolote, na kiapo kitabaki palepale. Nitakuwa nimemnyima mume mara ya pili, na Hadiya hatakuwa amepata kitu." Nilimkasirikia sana, kwa sababu alisema kweli.

Asubuhi Jeruto akarudi kutoka Mogotio, na maziwa mengine. Alipomkuta shangazi uani anaosha vikombe alisema, "Mama Hadiya, leo nyinyi iko na wageni. Mimi nitaleta hii maziwa yangu, ile nzuri kabisa, wakunywe."

"Ahsante, Mama Kipkemei," shangazi akasema, hata hakuinua uso. "Lakini usituletee tukiwa bado tunasema. Ukisikia kimya, ujue tumemaliza."

Wakafika kwa gari moshi la Gilgil, wazee wa kofia na kanzu zilizopigwa pasi, na kina mama kadhaa waliokaa na shangazi kwenye mkeka, mlango wa ndani. Viti vilijaa. Mwisho akaingia Mzee Shebe mwenyewe, mnene kuliko hadithi zilivyosema, akatazama huku na huku, akaona kiti kimoja kitupu, akajibwaga. Kiti cha Obeid! Chini ya picha ya Obeid! Shangazi alishika kifua. Shebe akaegemea ukuta wa Kariandusi, akashusha pumzi, akaanza kula mahamri.

Msemaji wao alizunguka sana. Alianza na mvua, akapitia bei ya unga, akafika kwenye bustani yenye waridi, na hata aliyekuwa hajui akajua waridi ni nani. Alipomaliza baba yangu alikohoa, akamgeukia dada yake. Sebule yote ikamgeukia. Nyuma ya pazia Hadiya alinibana kiganja mpaka nikataka kulia.

Shangazi akasimama. Hakuwatazama wageni. Aliinua uso juu ya kichwa cha Shebe.

"Baba Hadiya," akasema, "watu wa Gilgil wamekuja. Aliyekufunga lile goli huyo hapo, amekalia kiti chako. Mtoto wako anampenda mtoto wake. Mimi pia ninampenda. Nimekuuliza siku zote hizi na hukunijibu. Nakuuliza mara ya mwisho, mbele ya watu. Unasemaje?"

Kimya. Hata nzi wa sukari walitulia.

Na nyuma ya ukuta Jeruto, aliyekuwa ameketi kitandani amevaa gauni lake la kanisani akitega sikio, alisikia kile kimya. Akajua wamemaliza. Akainuka, akatoa kibuyu.

Obeid akainama.

"Ameitikia!" mama mmoja wa Gilgil akapiga ukelele. Wazee wakaruka, vikombe vikamwagika, mtu akaanza kusoma Ayatul Kursiyu ya kujikinga. Jeruto akasikia makelele. Aa, kumbe bado wanasema! Akakirudisha kibuyu msumarini. Obeid akainua uso polepole, akawatazama wote. Sebule ikafa ganzi tena, hakuna aliyethubutu kumeza mate. Jeruto akasikia kimya. Akakitoa kibuyu.

Obeid akainama mara ya pili, safari hii kwa nguvu, mpaka kitambaa chake kikamdondokea Shebe kichwani.

Shebe hakukitoa. Alisimama nacho hivyohivyo, amegeukia picha, midomo inamcheza, mikono ameinua juu kama mtu aliyekamatwa. "Obeid!" akalia. "Obeid ndugu yangu, nisamehe! Haukuvuka mstari! Niliuona kwa macho yangu haukuvuka, na refa alikuwa mjomba wangu!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka stesheni. Shangazi alikuwa anacheka na kulia na kumpiga Shebe mgongoni kwa leso. Baba yangu, kwa kutojua afanye nini, akawapa mkono watu wote, hata mimi. Fatiha ikasomwa mbiombio kabla mtu yeyote hajabadili nia, aliye hai au vinginevyo. Ndipo Jeruto akaingia na kibuyu chake, akitabasamu, akashangiliwa kana kwamba ndiye aliyeleta posa. Wageni walipoondoka jioni, kila mzee alikuwa na mgongo mweupe pepepe kwa ule udongo, na nusu ya Bondeni ilitoka milangoni kuwatazama wakielekea stesheni.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Jeruto ni mtu wa shukrani.

"Mama Hadiya," akasema wakati tunakusanya vikombe, "hata mimi sijakuambia asante. Ile msumari ulinipigia, imenisaidia sana. Kibuyu yangu haina shida tena."

Shangazi alisimama na sinia mkononi. "Msumari gani?"

Baba akaanza kutafuta viatu vyake.

Shangazi hakuuliza mara mbili. Alikwenda chumbani kwa Jeruto, nasi nyuma yake. Akauona. Akaugusa kwa kidole. Akakichukua kibuyu mkononi mwa Jeruto, akakitundika, akaniambia nirudi sebuleni nitazame.

"Anafanya nini?"

"Ameinua uso, shangazi," nikasema.

"Na sasa?"

"Ameinama."

Hadiya alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kifuani, hana hata damu usoni. Nilirudi mbio chumbani nikifikiri nitamkuta shangazi amezimia. Alikuwa ameketi kitandani kwa Jeruto, amekipakata kibuyu mapajani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni kisichotoa sauti, kile alichokuwa akikicheka zamani nyuma ya kiti cha mumewe.

"Mama," Hadiya akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo, "kwa hivyo baba hakukubali?"

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Baba yako alinioa mimi kwa kudungwa mgongoni na huyuhuyu Miraji," akasema. "Angekubali leo bila kudungwa, hapo ndipo ningeogopa. Ningejua si yeye."